Bili ya umeme haina jina la mtu: Kilolo na matapeli wa simu

Saa moja jioni, ukungu umeshashuka Kidabaga na watu wako jikoni wanaota moto. Simu inaita, namba ngeni. "Shikamoo mama, naongea kutoka TANESCO. Mita yako inasoma deni, na fundi ameshaandikiwa kazi ya kuja kuing'oa kesho asubuhi. Ukilipa sasa hivi elfu arobaini na tano tunamzuia. Tuma kwenye namba hii, jina litakuja la mhasibu wetu."

Maneno hubadilika. Leo ni TANESCO, kesho ni watu wa maji, keshokutwa ni mkandarasi wa REA. Kiunzi ni kile kile: huduma unayoitegemea, adhabu iliyo karibu, muda mfupi wa kufikiri, na namba ya simu ya kupokea hela.

Watanzania wamezoea kuucheka utapeli wa simu. "Ile hela tuma kwenye namba hii" imekuwa utani wa vijiweni, na aliyelizwa kwa ujumbe huo huona aibu hata kusimulia nyumbani. Huu wa bili hauchekeshi, kwa sababu ndani yake kuna kitu cha kweli. Mita ipo ukutani. Umeme hukatika. Makato hutokea. Tapeli halazimiki kutunga hadithi ya mganga wala ya bahati nasibu, anachukua wasiwasi ambao tayari mtu anao kichwani na kuuwekea bei.

Kwa nini Kilolo

Wilaya hii ya mkoa wa Iringa ina watu wa aina mbili mbele ya mita. Wapo wa Ilula, Mtandika na Ruaha Mbuyuni, pembeni ya barabara kuu ya Dar es Salaam, ambao wanafanya biashara za nyanya na vitunguu na wamekuwa na umeme kwa muda mrefu. Na wapo wa milimani kuelekea Udzungwa, ambako nguzo zimefika miaka ya karibuni kupitia miradi ya REA, kwa gharama ya kuunganishwa ya shilingi 27,000 vijijini.

Kwa huyu wa pili, LUKU ni kitu kipya. Hana uzoefu wa miaka kumi wa kujua lini TANESCO huwapigia wateja na lini haiwapigii. Jirani yake naye kaunganishwa mwezi ule ule. Akiambiwa mita yake "haijasajiliwa makao makuu", atamuuliza nani?

Kuna na suala la msimu. Hela ya viazi, nyanya au mbao huja kwa mkupuo na mara nyingi huingia kwenye simu. Mtu mwenye laki tatu kwenye laini yake wiki ya mavuno si sawa na yule mwenye buku mbili mwezi Februari. Tapeli hajui nani ana nini, anapiga namba nyingi mpaka ampate mwenye nacho.

Halafu kuna watoto walioko mjini. Familia nyingi za Iringa zina kijana Dar es Salaam, Dodoma au Mbeya anayewanunulia wazazi umeme na kuwatumia tarakimu kwa meseji. Mzazi hupokea namba, huziingiza kwenye mita, taa inawaka. Hajawahi kununua mwenyewe hata siku moja. Siku mgeni akipiga na kusema kuna tatizo kwenye malipo, mzazi huyo hana njia ambayo amewahi kuitumia ya kulinganisha nayo.

Mkanganyiko ambao tapeli hakuutengeneza

Ni rahisi kusema watu ni wajinga. Ukweli ni kwamba mfumo wenyewe umewapa wateja sababu nyingi za kuamini kwamba jambo lolote linawezekana.

Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukusanywa kupitia LUKU. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikapanda kuwa 1,500. Mteja mdogo, anayelipa shilingi 100 kwa uniti kwa zile 75 za mwanzo za mwezi kabla ya kodi na tozo, hupata kama uniti 41 kwa elfu tano. Siku ya makato anapata 29 kasoro. Asiponunua miezi mitatu, makato yanamsubiri yakiwa yamejumlishana: 4,500 kwa mpigo. Ananunua umeme wa elfu tano, mita inaingiza uniti nne na kidogo.

Mtu huyo akipigiwa simu kesho yake na kuambiwa "mita yako ina deni", atabisha vipi? Ameliona deni kwa macho yake.

Mwaka 2024 likaja jingine. Mita za malipo ya kabla zinazotumia mfumo mmoja wa kimataifa huhesabu muda kwa dakika kuanzia mwaka 1993, na hesabu hiyo ilikuwa inafikia kikomo tarehe 24 Novemba 2024. Ambayo isingeboreshwa isingepokea tena umeme mpya. Nchi nyingi zilikuwa na kazi hiyo hiyo, Afrika Kusini mojawapo. Hapa nchini TANESCO iliwatangazia wateja kwamba wakinunua umeme watapata makundi matatu ya tarakimu 20: mawili ya mwanzo ya kuiboresha mita, la tatu ndilo la uniti.

Fikiria jinsi tangazo hilo linavyosikika kwa mzee wa kijijini. Ingiza tarakimu 20, halafu nyingine 20, halafu nyingine 20, la sivyo mita yako itagoma. Ni maneno yale yale ambayo tapeli angeyasema! Lakini lilikuwa la kweli, na lilikuwa bure.

Tofauti ipo mahali pamoja tu. Tarakimu zile zilikuja ndani ya manunuzi ambayo mteja mwenyewe aliyaanzisha. Hakukuwa na sababu ya mtu kupiga simu, na hakuna aliyetakiwa kulipia maboresho. Aliyedai "hela ya kuboresha mita" mwaka ule alikuwa mwizi, bila kujali alivaa fulana ya rangi gani.

Jina lako amelipata wapi

Kinachowavunja wengi nguvu ni tapeli kuwaita kwa majina yao. "Anajua jina langu lote, basi ni wa ofisini."

Si lazima. Mtu yeyote akianza kutuma hela kwa simu na kuingiza namba yako, kabla hajathibitisha, simu inamwonyesha jina lako kama lilivyosajiliwa. Anasoma, anaghairi, hajatumia hata senti. Kinga iliyowekwa ili watu wasikosee namba imekuwa pia daftari la majina kwa wahalifu.

Daftari la pili liko wazi zaidi. Nenda kwa wakala yeyote wa huduma za kifedha siku ya gulio. Mezani kuna kitabu cha kumbukumbu: jina, namba ya simu, kiasi, sahihi. Kinakaa wazi, wateja wanapanga foleni juu yake, na mwenye simu ya kamera hahitaji sekunde tatu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, lakini kitabu cha wakala bado kinalala kaunta kifudifudi au wazi kadiri mwenye kibanda atakavyoamka.

Kwa hiyo jina si ushahidi. Wala lafudhi. Tapeli anayekuanza na "Kamwene" kama jirani wa Kilolo amejifunza salamu, basi.

"Ingiza kodi hii"

Wapo wanaojua kutotuma hela kwa mtu wasiyemjua, na bado wanapigwa. Hapo hutumika mbinu ya kuongozwa kwenye simu. Tapeli hasemi "tuma hela". Anasema: "Usikate simu mama, tunasafisha deni kwenye mfumo. Bonyeza nyota, mia moja hamsini, nyota..." Anamtembeza kwenye menyu hatua kwa hatua. "Sasa ingiza namba ya fundi. Sasa ingiza kodi ya uhakiki: nne, nane, tano, sifuri, sifuri. Sasa malizia na namba yako ya siri, usinitajie, ni siri yako."

Ile "kodi ya uhakiki" ni shilingi 48,500. Ile "namba ya fundi" ni laini ya kupokea. Na ile "usinitajie" ndiyo sehemu ya kijanja kuliko zote, kwa sababu mtu amefundishwa miaka yote asitaje namba ya siri, na huyu anaonekana anaheshimu somo hilo.

Kwa hiyo onyo la "usitoe namba ya siri" peke yake halitoshi tena. Linalotakiwa kuongezwa ni hili: hakuna menyu ya hela inayofunguliwa kwa maelekezo ya mtu aliyekupigia. Ukishaona anakutaka ubonyeze nyota, mazungumzo yameisha.

Hela inapita njia gani

Umeme wa LUKU hununuliwa kwa namba ya mita. Iwe kwa simu, benki au wakala, kinachoingizwa ni namba ya mita na kiasi, na kinachorudi ni tarakimu 20. Malipo mengine ya TANESCO, kuunganishiwa umeme kwa mfano, pamoja na bili za mamlaka za maji, hulipwa kwa namba ya malipo ya Serikali, ile ambayo mtaani huitwa kontrol namba. Huwa na tarakimu 12 na huanza na 99. Ukiiingiza kwenye sehemu ya malipo ya Serikali, mfumo unapaswa kukuonyesha jina la taasisi inayolipwa.

Katika njia zote mbili hakuna mahali linapotokea jina la binadamu. Si la mhasibu, si la fundi, si la meneja. "Jina litakuja fulani" ni sentensi inayojifunga yenyewe kamba.

Kuna na mantiki ya LUKU ambayo watu wengi hawajaelezwa vizuri. Ni malipo ya kabla. Uniti zikiisha, mita hukata yenyewe, haihitaji fundi wala simu ya vitisho. Na kama kweli mteja ana deni lililowekwa kwenye mfumo, hukatwa pale anaponunua umeme, kama kodi ya majengo inavyokatwa. Shirika lina mkono wake ndani ya kila manunuzi yako. La nini limpigie mtu saa moja usiku kuomba kwa namba binafsi kile ambacho linaweza kukikata asubuhi?

Maji ni tofauti kidogo, na ndiyo maana bili za maji ni shabaha rahisi. Wengi hulipia baada ya kutumia, deni la mwezi ni la kweli, na kukatiwa kwa kutolipa hutokea. Lakini hata hapo tofauti ni namba ya malipo. Aliyepokea meseji ya bili asibishane nayo, aende kwenye bili ya mwezi uliopita alinganishe, au aulize ofisini.

Tundu ambalo halipendi kutajwa

Sasa lile lisilopendeza. Kanuni ya "usilipe kwa jina la mtu" ni nzuri, ila maisha ya kijijini huivunja kila wiki, na si matapeli peke yao wanaoivunja.

Asiye na simu ya kufaa au salio hununua LUKU kwa wakala, na wakala ana jina. Fundi wa kutandaza nyaya ndani ya nyumba hulipwa kwenye simu yake, kihalali kabisa. Michango ya kijiji hukusanywa kwenye laini ya mweka hazina. Kwa maji ya vijijini, tangu RUWASA ianzishwe kwa sheria ya mwaka 2019, vyombo vya watumia maji vimekuwa vikiingizwa kwenye namba za malipo za Serikali, lakini mtu mzima wa Kilolo anakumbuka vizuri miaka ambayo hela ya bomba alikabidhiwa mjumbe wa kamati mkononi.

Mtu aliyezoea kulipa huduma za umma kupitia watu hashangai mtu mwingine akimpigia na kumtajia namba yake. Hapo ndipo kampeni nyingi hukosea. Zinamfundisha raia kushtuka, wakati mazingira yake yamemfundisha kutoshtuka.

Nguzo ni mfano mzuri. Viongozi wa wizara ya nishati wamerudia mara nyingi kwamba mwananchi hauziwi nguzo katika miradi ya umeme vijijini. Hata hivyo maneno kama "changia nguzo ifike kwako haraka" yana mvuto, kwa sababu mtu ameona jirani kaunganishwa na yeye karukwa mita sitini tu kutoka kwenye laini. Tapeli anayemwahidi nguzo anamuuzia haraka, na haraka kijijini ina bei. Anayetaka kuunganishwa aombe ofisini au kwenye mfumo wa NIKONEKT, nyumba ipimwe, kisha apewe namba ya malipo. Kabla ya hapo hakuna cha kulipa.

Ikishatokea

Dakika ndizo zinazohesabika. Hela iliyotumwa hutolewa kwa wakala upesi, pengine mkoa mwingine, na ikishatoka taslimu kuirudisha ni kazi nyingine kabisa. Aliyegundua kapigwa apige 100, namba ya huduma kwa wateja ya mitandao yote, aombe muamala uzuiwe. Asisubiri asubuhi wala asianze kubishana na tapeli, wengine humpigia na kumtukana huku hela inatolewa.

Namba ya mhalifu itumwe TCRA kwenda 15040. Polisi waandikiwe taarifa, hata kama kiasi ni kidogo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inawahusu watu hawa, lakini kesi haiendi bila mlalamikaji. Kwa swali lolote la umeme, TANESCO ina 180, kupiga ni bure. Na ni wewe upige, si upigiwe.

Jambo jingine ambalo wengi hulisahau ni *106#. Hapo mtu huona namba zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake cha NIDA. Laini za utapeli hazitoki hewani, tangu usajili wa alama za vidole uwe lazima kila laini ina mwenyewe kwenye kumbukumbu. Mbinu moja inayofahamika ni msajili wa mtaani kumwambia mteja "kidole hakijasoma, weka tena", na kile kidole cha pili kinasajili laini nyingine. Mkulima aliyesajili laini gulioni anaweza kukuta jina lake ndilo "linalokuja" kwa watu wanaolizwa Mwanza.

Kelele ziko mbali na kijiji

Takwimu za TCRA za miaka ya karibuni zimeonyesha mara kwa mara Rukwa na Morogoro zikiongoza kwa majaribio ya ulaghai kwa simu. Morogoro ni jirani wa Kilolo, ukivuka Ruaha Mbuyuni umeshaingia. Lakini ujirani huo hauna maana kubwa, meseji haipandi Kitonga kwa miguu. Kinachoelezwa na takwimu hizo ni kwamba hii ni kazi ya vikundi vyenye maskani, si ya mhuni mmoja aliyekosa nauli.

Novemba 2024 TCRA, polisi, mitandao ya simu na wadau wengine walizindua kampeni ya Sitapeliki. Jina zuri, limekaa mdomoni. Tatizo la kampeni za aina hii ni kwamba hupiga kelele nyingi mitandaoni, ambako aliyepo tayari ana bando na watu wa kumuuliza. Bibi wa kijiji cha juu anayetumia kitochi hayupo huko. Yupo kanisani, kwenye kikundi cha kuweka na kukopa, na kwa wakala.

Wakala huyo ndiye anayekutana na aliyetapeliwa dakika tano kabla hajatapeliwa. Anamwona mzee anaingia ameshika simu sikioni, anatetemeka, anataka "kuweka elfu hamsini haraka". Swali moja tu, "Baba, unamtumia nani?", lingeokoa hela nyingi. Lakini wakala hulipwa kamisheni kwa muamala uliofanyika. Muamala aliouzuia haumlipi chochote, na pengine umemgharimu mteja aliyekasirika. Kampuni za simu ambazo zina bajeti za matangazo ya redio zingeweza kumlipa hata kidogo kwa kazi hiyo.

Kwa upande wa kijiji, nafasi ipo bila kutunga kitu kipya. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kufanyika angalau mara moja kila miezi mitatu. Dakika kumi za mkutano huo, mtu wa TANESCO au wa maji akisimama na bili halisi mkononi, akionyesha wapi pana 99 na wapi pana jina la taasisi, na mwenyekiti akitangaza hadharani ni michango ipi ya kijiji inayopokelewa kwa laini ya nani.